Zeituni na Zambarau: Safari ya Kielimu ya Ibn Battuta katika Mediterania na Usomaji wa Habari za Pwani ya Waswahili

Utangulizi

Mnamo Juni 1325, kijana wa umri wa miaka 21, mzaliwa wa ukoo wa makadhi wa mji wa Tangier kaskazini mwa Moroko, aliwaaga wazazi wake na kushika njia ya mashariki peke yake. Nia yake ya kwanza ilikuwa kuhiji. Nia ya pili, ambayo kwa watu wa tabaka lake haikutengana na ile ya kwanza, ilikuwa kutafuta elimu kwa mashehe wa Tunis, Aleksandria, Kairo, Yerusalemu na Dameski, yaani miji mikubwa ya Mediterania na ya nchi zilizo nyuma ya pwani zake. Kijana huyo ni Muhammad bin Abdallah, ajulikanaye kwa jina la Ibn Battuta. Mnamo 1331, au 1329 kwa hesabu ya wataalamu wengine, alifika Mogadishu, Mombasa na Kilwa. Habari alizozisimulia kuhusu miji hiyo ndizo pekee zilizosalia kutoka kwa mtu aliyeiona pwani hiyo kwa macho yake katika karne ya 14.

Kwa sababu hiyo ni vigumu kupata kitabu cha historia ya Waswahili kisichomtaja. Hata hivyo, desturi iliyozoeleka ni kuzinyofoa kurasa zake chache za pwani na kuzisoma peke yake, kana kwamba msafiri alizaliwa siku aliyoshuka Mogadishu. Usomaji wa namna hiyo una hasara. Mtu huyapima mambo mageni kwa vipimo alivyovizoea, na vipimo vya Ibn Battuta vilitengenezwa katika safari yake ya uanafunzi. Mhadhara huu unashikilia kwamba ushahidi wake juu ya pwani hautaeleweka sawasawa mpaka safari ile ya kwanza ifuatwe hatua kwa hatua. Hapo ndipo msomaji atakapoweza kutenganisha kipimo na kitu kilichopimwa.

Rihla kama desturi ya elimu

Neno la Kiarabu rihla lina maana ya safari, na baadaye likawa pia jina la kitabu kinachosimulia safari. Katika nchi za Maghribi, rihla ya kwenda mashariki ilikuwa sehemu ya malezi ya mwanachuoni. Elimu ya wakati huo haikuhesabiwa kuwa imepokewa kwa kusoma kitabu tu. Ilipaswa kusikika kutoka kinywani mwa mwalimu ambaye naye aliisikia kwa mwalimu wake, na mwisho wake ilikuwa ijaza, yaani hati ya idhini iliyotaja mlolongo wa waliopokezana.

Ibn Battuta hakuwa wa kwanza. Ibn Jubayr, mwenyeji wa Andalusia, alisafiri kati ya 1183 na 1185. Alivuka kutoka Ceuta hadi Aleksandria katika merikebu ya Wagenoa, na wakati wa kurudi jahazi lake lilivunjika karibu na Messina katika kisiwa cha Sisilia. Kitabu chake kinaonyesha bahari yenye sura mbili. Waislamu na Wakristo walipigana vita vikali kwenye fukwe zake, na papo hapo walisafiri chombo kimoja, wakalipa ushuru katika forodha moja na kununua bidhaa katika soko moja. Rihla ya Ibn Jubayr ikawa kielelezo kwa waliomfuata, jambo ambalo, kama itakavyoonekana, lina uzito mkubwa katika kukiamini au kutokukiamini kitabu cha Ibn Battuta.

Kutoka Tangier hadi Dameski

Safari ilianza kwa upweke. Anasimulia kwamba msafara wake ulipoingia Tunis, wenyeji walitoka kuwalaki jamaa zao na kuwasalimu, naye hakuwa na mtu wa kumsalimu. Akalia mpaka hujaji mmoja alipomwona, akamwendea na kumliwaza. Miezi michache baadaye, kijana huyohuyo aliondoka Tunis akiwa kadhi wa msafara wa mahujaji. Hakuwa amesoma miaka mingi, lakini elimu kidogo, ukoo unaojulikana na ulimi mwepesi vilitosha kumpa cheo. Njiani alimwoa binti wa mmoja wa wasafiri, akagombana na mkwewe, akamwacha mke, na kisha akaoa binti wa mwanafunzi mmoja wa Fes. Tangu mwanzo, basi, elimu kwake ilikuwa pia njia ya kupokewa na watu.

Aprili 1326 aliingia Aleksandria. Aliutazama mnara wa taa uliosifika tangu kale, akaukuta upande mmoja umebomoka. Aliporudi mwaka 1349 mnara ulikuwa umeharibika kiasi kwamba haikuwezekana kuuingia. Huko Kairo alikuta hospitali ya Sultani Qalawun na madrasa zilizojengwa na watawala wa Kimamluki. Katika dola hiyo, tangu zama za Sultani Baybars, kila moja ya madhehebu manne ya Kisunni ilikuwa na kadhi wake mkuu. Kwa kijana wa Kimaliki kutoka nchi iliyofuata madhehebu moja, kuziona fikihi nne zikikaa pamoja lilikuwa funzo lisilopatikana kwao.

Baada ya kushindwa kuvuka kwenda Makka kwa njia ya Aydhab, alielekea Sham. Alipita Gaza, Hebroni, Bethlehemu na Yerusalemu. Katika pwani aliiona Akka na miji mingine iliyokuwa mikononi mwa Wafaranki mpaka Wamamluki walipowatoa mwaka 1291. Mingi ilikuwa magofu. Mwanafunzi huyu, basi, alitembea katika mpaka wa vita uliokuwa umenyamaza kwa muda wa miaka 35 tu.

Agosti 1326, katika mwezi wa Ramadhani, alifika Dameski, mji alioupenda kuliko yote. Anasema kwamba katika Msikiti wa Umayya aliisikiliza Sahihi ya Bukhari yote kwa vikao 14, na kwamba alipewa ijaza na walimu kadhaa, miongoni mwao wanawake wawili, Zaynab bint Ahmad na Aisha bint Muhammad. Alikaa Dameski muda usiotimia mwezi, tena mgonjwa kwa siku kadhaa, na ndiyo sababu wataalamu wengine wametilia shaka wingi wa masomo hayo. Shaka hiyo ni ya haki. Hata hivyo, kuwapo kwa walimu wanawake katika orodha yake hakuna ajabu: Zaynab alikuwa mpokezi wa hadithi mashuhuri, na wanafunzi walimwendea kutoka mbali.

Jambo lililomgusa zaidi huko lilikuwa wakfu. Zilikuwapo wakfu za kuwapeleka hija wasiojiweza, za kuwaoza mabinti wa maskini, za kuwakomboa mateka, za kuwalisha wasafiri, hata za kutengeneza njia. Anaeleza kwamba siku moja alimwona kijana mtumwa ameangusha sahani ya kauri ya Kichina ikavunjika. Watu wakamshauri aviokote vipande na kumpelekea msimamizi wa wakfu wa vyombo, na huko akapewa fedha za kununulia nyingine. Tokea hapo, kila mji aliouingia Ibn Battuta aliupima kwa swali moja: je, mgeni, maskini na mwanafunzi hutendewaje hapa? Hiki ndicho kipimo cha kwanza alichokichukua Mediterania na kukipeleka mpaka Kilwa.

Kitabu na mikono iliyokiandika

Kabla ya kuvuka kwenda pwani ya Afrika Mashariki, yafaa ikumbukwe kwamba kitabu hakikuandikwa njiani. Kiliandikwa Fes na kukamilika Desemba 1355, kwa amri ya Sultani Abu Inan wa Wamarini. Ibn Battuta alisimulia, naye katibu wa Kiandalusia, Ibn Juzayy, akaandika na kupamba. Miaka 24 au zaidi ilikuwa imepita tangu Kilwa. Katikati yake msafiri alikuwa amekaa Uhindi, amefika Maldivi, amerudi Dameski mwaka 1348 wakati wa tauni na kupata huko habari ya kifo cha baba yake, amekwenda Andalusia kuungana na walinzi wa Gibraltar, na amevuka jangwa mpaka dola ya Mali mwaka 1352. Kumbukumbu ya pwani ilipita katika tabaka hizo zote kabla ya kufika kwenye wino.

Tena, watafiti wameonyesha kwamba sehemu nzima za maelezo ya Dameski, Aleppo, Makka na Madina zimechukuliwa kutoka kwa Ibn Jubayr, na maelezo kadhaa ya Palestina kutoka kwa al-Abdari, msafiri wa Moroko wa mwishoni mwa karne ya 13. Hapa pana jambo la kushangaza. Kurasa za miji iliyomfundisha Ibn Battuta ndizo zenye maneno machache zaidi yaliyo yake mwenyewe, kwa kuwa katibu alikuwa na vitabu vya kunakili. Kuhusu Mombasa na Kilwa hakukuwa na rihla ya kunakili. Huko alitegemea kumbukumbu yake tu, pamoja na dosari zake. Kwa mwanahistoria wa Waswahili hii ni bahati: alichopewa ni maneno ya shahidi mwenyewe, si pambo la maktaba.

Mogadishu: nyumba ya wanafunzi

Mogadishu kulikuwa na desturi kwamba mfanyabiashara akifika hupokewa na kijana mwenye sinia la chakula na kuwa mgeni wa nyumba ya kijana huyo. Watu wa Ibn Battuta walipoeleza kwamba yeye si mfanyabiashara bali ni fakihi, kadhi mwenyewe alikuja ufukweni pamoja na wanafunzi wake. Msafiri akapelekwa kwa mtawala kwanza, kama ilivyowapasa mafakihi na masharifu, kisha akapewa malazi katika nyumba iliyotengwa kwa wanafunzi wa elimu ya dini. Akaletewa tambuu na popoo, na yeye na kadhi wakamiminiwa marashi ya mawaridi ya Dameski.

Kijana aliyelia Tunis kwa kukosa wa kumsalimu hapa alilakiwa ufukweni na kadhi. Nyumba ya wanafunzi inathibitisha kwamba kazi ya kuwapokea watafuta elimu ilikuwa na mahali pake na kanuni zake katika mji huo kabla yeye hajafika. Hakuwa mgeni wa kubahatisha, na wenyeji hawakubabaika kwa kumwona. Aliingia katika utaratibu uleule uliompokea Kairo na Dameski.

Biashara ilikuwa imekwisha kuziunganisha bahari hizi mbili. Mtawala alivaa joho la kijani la kitambaa cha Yerusalemu juu ya nguo za Misri. Mgeni naye alipewa nguo za namna hiyo pamoja na kilemba cha Misri na kitambaa cha hariri cha kujifunga kiunoni, kwa kuwa suruali haikujulikana huko. Na mambo hayakwenda upande mmoja, kwani anasema pia kwamba vitambaa vilivyofumwa Mogadishu vilipelekwa mpaka Misri. Penye jambo lisilofanana na la kwao aliliona vizuri zaidi: wali wa samli na vitoweo vyake, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, mtindi, achari ya malimau na pilipili, tangawizi na maembe. Ni orodha ambayo jikoni nyingi za pwani zingali zikiitambua.

Kuhusu lugha, anasema kwamba mtawala alizungumza lugha ya Mogadishu na alijua Kiarabu. Kama lugha hiyo ilikuwa Kisomali au lugha jamaa ya Kiswahili, wataalamu hawajakubaliana. Mombasa na Kilwa hasemi lolote juu ya lugha. Kimya hicho kimewakera wanaisimu wengi, lakini sababu yake inaeleweka. Mwanafunzi wa Mediterania alitarajia kuzungumza Kiarabu na makadhi na makhatibu, nao walimjibu kwa Kiarabu. Kipimo chake hakikuwa na alama ya lugha ya sokoni na jikoni. Kwa hiyo kimya cha Ibn Battuta hakiwezi kutumiwa kuwa ushahidi kwamba Kiswahili hakikuzungumzwa. Kinaonyesha tu ni nani aliokuwa akizungumza nao.

Mombasa: zeituni na zambarau

Mombasa alilala usiku mmoja, lakini macho yake yalikuwa wazi. Anataja ndizi na samaki, na nafaka iliyoletwa kutoka nchi aiitayo Sawahil. Anataja misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi, na kisima kimoja au viwili kwenye kila mlango wa msikiti, vyenye kina kifupi, maji yakitekwa kwa chombo cha mti kilichofungwa kwenye kijiti. Anataja watu waendao miguu mitupu, wakaosha miguu na kuifuta kwenye mkeka mzito kabla ya kuingia. Haya ni maelezo ya mtu aliyesimama mlangoni na kuosha miguu yake.

Kisha linakuja tunda. Anasema wana tunda linaloitwa jammun, lililofanana na zeituni, lenye kokwa kama kokwa la zeituni, ila utamu wake ni mwingi sana. Wasomaji wengi wanakubaliana kwamba tunda hilo ni zambarau. Katika sentensi hiyo fupi zinakutana nchi tatu. Zeituni ni ya Tangier na Sham: ndiyo picha aliyokuwa nayo tangu utoto, na ndiyo aliyoweza kuwaeleza watu wa Fes. Jina jammun ni la Kihindi, na katika sura za Uhindi anaueleza mti huohuo kwa mfano uleule wa zeituni. Huenda basi jina hilo aliliokota Uhindi baadaye na kulirudisha Mombasa wakati wa kusimulia, au huenda alilisikia Mombasa kwa watu waliofanya biashara na Wahindi. Tunda lenyewe ni la Mombasa.

Umuhimu wake hauko katika mambo ya matunda. Kipimo cha Mediterania kilimsaidia kuona umbo na kokwa, kisha kikamshinda. Zeituni haina utamu, na hapo alilazimika kuongeza neno ambalo kipimo hakikumpa. Neno hilo la nyongeza ndilo lenye ushahidi. Kanuni hiyo yaweza kutumika katika kurasa zake zote za pwani: pale anapofananisha anajieleza yeye, na pale mfano unapomshinda, akalazimika kuongeza au kutoa, ndipo anapoieleza pwani.

Kilwa: mbao, mpaka na zawadi

Kilwa yatoa majaribio matatu ya kanuni hiyo. La kwanza ni majengo. Ibn Battuta anausifu mji kuwa miongoni mwa miji mizuri na iliyojengwa kwa ufundi, kisha anasema ni wa mbao, wenye paa za majani ya matete. Uchimbaji ulioongozwa na Neville Chittick katika miaka ya 1960, na kuchapishwa mwaka 1974, ulidhihirisha majengo makubwa ya mawe ya matumbawe, hasa kasri la Husuni Kubwa, ambalo Chittick alilihusisha na sultani yuleyule aliyempokea msafiri, al-Hasan bin Sulaiman. Wengine wamelitumia neno la mbao kudai kwamba hakufika Kilwa kabisa. Hukumu hiyo ni ya haraka. Mtu aliyetoka katika miji ya mawe hakuwa na sababu ya kulishangaa jiwe. Nyumba za watu wengi zilikuwa za miti na udongo, na hizo ndizo zilizokuwa ngeni machoni pake. Baada ya miaka zaidi ya 20, kigeni ndicho kilichobaki kichwani.

La pili ni mpaka. Anawaita watu wa Kilwa watu wa jihadi, kwa kuwa nchi yao inapakana na wasio Waislamu wa bara. Maneno haya yana harufu ya Akka na Gibraltar. Msimuliaji alikuwa ametoka kwenye ulinzi wa Andalusia miaka michache tu kabla ya kusimulia, na katibu wake alikuwa Mwandalusia. Kwao mpaka wa dini ulikuwa ngome na jeshi. Ushahidi wa udongo, kwa upande mwingine, unaonyesha mpaka uliopitika kwa biashara: sarafu yenye jina la al-Hasan bin Sulaiman imepatikana Great Zimbabwe, na Ibn Battuta mwenyewe anasimulia, kwa kauli ya mfanyabiashara, habari za dhahabu iliyofika Sofala kutoka bara. Vivyo hivyo, anazifananisha chale za nyuso za watu wa Kilwa na za watu wa Afrika Magharibi, eneo ambalo hakulifikia mpaka baada ya 1351. Mfano huo, basi, ulifumwa baadaye.

La tatu ni ukarimu, kipimo cha Dameski. Sultani huyo aliitwa Baba wa Vipawa kwa utoaji wake, na masharifu wa Iraki na Hijazi walimjia. Ijumaa moja fakiri kutoka Yemeni alimwomba nguo alizovaa, naye akarudi nyumbani kwa khatibu, akazivua na kumpa. Mrithi wake akazikomboa kwa watumwa kumi, na sultani aliposikia watu wakisifu tendo hilo akaongeza watumwa kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Nguo za mwili mmoja zilileta sifa, na watu 20 wakahama mikono bila majina yao kutajwa. Msimuliaji hakuliona hilo kuwa jambo la kuuliza, kwa kuwa utumwa ulikuwa wa kawaida Dameski kama ulivyokuwa Kilwa. Hapa kipimo na kilichopimwa vilifanana mno, na kwa hiyo shahidi hakuona kitu. Mwanahistoria wa leo hana ruhusa ya kufumba macho pamoja naye.

Zaidi ya hayo, habari za kale za Kilwa zinasimulia kwamba al-Hasan bin Sulaiman naye, katika ujana wake, alisafiri kwenda kuhiji na kukaa Aden miaka miwili akisoma. Waliokutana Kilwa, basi, walikuwa watu wawili waliokwisha kutoka makwao kutafuta elimu, mmoja akitoka pwani ya Mediterania na mwingine pwani ya Waswahili. Kitabu kilichobaki ni cha mmoja wao tu.

Hitimisho

Safari ya kielimu ya Ibn Battuta haikumfanya mwanachuoni mkubwa. Wenzake wa Moroko na Andalusia walilisema hilo wazi. Ilimpa vipimo: wakfu, ijaza, madhehebu, mpaka na zeituni. Kwa vipimo hivyo aliiona pwani ya Waswahili vizuri mahali pengine, na mahali pengine hakuiona kabisa. Mwanafunzi wa Kiswahili anayezisoma kurasa zake hana budi kumfuata kwanza mpaka Tunis, Aleksandria na Dameski. Baada ya hapo amrudie Mombasa, mlangoni mwa msikiti, penye kisima na mkeka, akiwa na tunda mkononi ambalo si zeituni.